Ukililia Wembe, Anzia Jiwe la Kwanza

Mtu aliyekulia Shume, katika milima ya Usambara, hahitaji kufundishwa kunoa. Kabla hajamaliza shule ya msingi ameshatia makali panga la nyumbani kwenye jiwe la mtoni, ameshanoa kisu cha kuvunia kabichi siku ambayo Fuso linasubiri mzigo, na huenda ameshakaa pembeni mwa seremala akitazama jino la randa linavyosuguliwa kabla ubao wa msindano haujawekwa mezani. Ujuzi huo ni mali. Lakini ukishika wembe wa kukunja kwa mkono ule ule wa panga, utauharibu kabla chai haijapoa.

Nazungumzia wembe wa wazee, wenye bapa moja linalolala ndani ya mpini wake, na si ule mwembamba wa karatasi wanaouvunja vinyozi wa siku hizi na kuupachika nusu kwenye kishikio. Wembe wa kukunja bado umo katika masanduku ya familia nyingi. Ukisafisha shina lake, yaani sehemu iliyo kati ya bapa na mpini, mara nyingi utakuta jina la Solingen, mji wa wafua visu wa Ujerumani, au Sheffield wa Uingereza. Mmarekani Gillette alipopewa hataza ya wembe wa kubadilisha mwaka 1904, huu wa kukunja ulianza kurudi nyuma, na siku hizi wengi wanaourithi hawajui waufanyeje. Wanaujaribu shavuni, unang'oa ndevu badala ya kuzikata, wanaurudisha sandukuni. Wembe haujafa. Umepoteza makali tu, na makali yanarudishwa.

Tuanze na umbo, kwa sababu umbo ndilo linaloutenga wembe na kila chombo kingine ulichowahi kunoa. Kwenye panga, pembe ya makali unaipanga wewe kwa kifundo cha mkono. Kwenye wembe, pembe ilishapangwa kiwandani. Mgongo wake umefanywa mnene kwa makusudi: ukiulaza chapa juu ya jiwe, mgongo na makali vinaligusa jiwe kwa wakati mmoja, na pembe inajipata yenyewe. Wembe wenye upana wa milimita 16 na mgongo wa milimita 5 hutoa pembe ya nyuzi 18 hivi. Kisu cha jikoni huwa na nyuzi 30 hadi 40. Kwa hiyo kazi yako si kuitafuta pembe, ni kutoivuruga. Ukiuinua mgongo kidogo tu kutoka kwenye jiwe, umeanza kuchonga makali mengine, butu zaidi, na kuyafuta hayo ni kazi ya jioni nzima.

Kabla ya jiwe lolote, uchunguze wembe wenyewe mchana kweupe. Kutu ya juu juu kwenye bapa si neno. Kutu iliyochimba vishimo karibu na makali ni jambo jingine, kwa maana kila utakaposogeza makali nyuma utakutana na kishimo kingine. Tafuta ufa, hasa karibu na kisigino, yaani mwisho wa makali ulio upande wa mpini. Kisha laza wembe juu ya kioo cha dirisha na uchungulie kwa usawa wa jicho. Makali yakiwa yamenyooka au yamebinuka nje kidogo, una bahati. Yakiwa yamebonyea katikati, ukaona mwanga unapita chini yake, huo si wembe wa kujifunzia. Mpe mtu mwenye uzoefu au uutundike ukutani.

Sasa mawe. Hapa ndipo Shume inapomdanganya mtu, kwa kuwa mawe yamejaa kila mahali. Mawe ya Usambara ni ya kale sana, yamepikwa na kukandamizwa chini kabisa ya ardhi mpaka chembe zake zikakua. Pasua jiwe la mtoni ulitazame juani: utaona kwatzi inayong'aa, na pengine vidoa vyekundu vya ganeti. Chembe unayoweza kuiona hivyo kwa macho ni kubwa kuliko unene wa unywele, ambao ni kama mikroni 70 tu. Kwa panga na jembe, chembe hiyo inafaa sana, inakwangua chuma upesi na kuacha meno meno yanayoshika majani. Kwa wembe, kila chembe ni mfereji. Nchi nyingine zilijaliwa mawe laini ya kuchimbwa, kama lile la njano la Ubelgiji linaloitwa coticule, ambalo vinyozi wa Ulaya walilitegemea kwa vizazi. Sisi milima yetu ilitupa rutuba ya viazi na karoti, si kinoo cha wembe.

Kinoo cha dukani chenye pande mbili, kile cha rangi ya kijivu kinachouzwa pamoja na misumari na bawaba, nacho si cha wembe. Upande wake laini bado ni mkali mno. Usimpe wembe pia mnoa visu wa baiskeli, wala usiupeleke kwenye grenda. Chuma cha wembe hupewa ugumu wake kwa joto linalodhibitiwa, na bapa jembamba linapoguswa na gurudumu linalozunguka, hupata moto haraka kuliko unavyoweza kuondoa mkono. Ukiona rangi ya bluu kwenye makali, chuma kimeshalegea pale, na hakuna jiwe litakaloukomboa.

Unachohitaji ni mawe matatu ya maji: namba 1000, namba 3000 au 4000, na namba 8000. Jiwe la 1000 la vipimo vya Kijapani lina chembe za mikroni 11 hadi 15. La 8000 liko chini ya mikroni 2. Wapo wanaosema bila jiwe la 12000 huwezi kunyoa. Mimi sioni haja, hasa kwa mtu anayeanza. Wembe uliomalizika vizuri kwenye 8000 na kupitishwa kwenye ngozi unanyoa shavu bila kero, na fedha ya jiwe la nne nunua mbolea.

Mawe haya hutayapata Lukozi siku ya gulio, wala madukani Lushoto. Ni ya kuagiza, na agizo linaweza kuchukua muda. Kwa hatua ya kwanza, hata hivyo, kuna njia ya mafundi rangi wa magari: msasa wa maji uliolazwa juu ya kioo kinene. Kioo kinaupa unyoofu, msasa unatoa chembe. Ila soma nyuma ya karatasi. Namba ya msasa yenye herufi P mbele yake haifanani na namba ya jiwe la Kijapani. P2000 ina chembe za mikroni 10 hivi, yaani inalikaribia jiwe la 1000, si la 2000. Wengi wanasugua wembe kwenye P2000 wakiamini wamefika mbali, kumbe bado wako mlangoni. Tumia P1500 au P2000 kama jiwe lako la kwanza, halafu uwe na subira mpaka mawe laini yafike.

Jiwe hata likiwa jipya lazima liwe limenyooka. Chora miraba kwa penseli juu ya uso wake wote, uliloweshe, kisha ulisugue juu ya msasa wa maji uliolazwa kwenye kioo. Mistari ikifutika yote kwa pamoja, jiwe limenyooka. Ikibaki katikati, pana bonde, endelea. (Penseli na Shume zina udugu wa zamani. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kampuni ya Kijerumani ya Wilkins na Wiese ilivuna mwangati wa msitu wa Shume, mahali walipopaita Neu-Hornow, na kuuteremsha kwa waya wa angani hadi Mkumbara kwenye reli ya Usambara. Mti huo ulitakiwa Ulaya kwa ajili ya penseli.) Rudia kunyoosha jiwe kila unapokaa kunoa. Jiwe lenye bonde huunoa wembe pale lisipotakiwa, na wewe utalaumu chuma.

Tumefika kwenye jiwe la kwanza, na hapa nakuomba usiwe na haraka, kwa kuwa kunoa wembe kokote kunaamuliwa hapa. Jiwe la 1000 ndilo linalokutanisha pande mbili za chuma ziwe mstari mmoja. Mawe yanayofuata hayanoi kwa maana halisi ya neno. Yanang'arisha kile ambacho la kwanza limekwisha kujenga. Pande hizo zisipokutana, hata ukisugua kwenye 8000 mpaka jogoo awike, utapata wembe butu unaong'aa. Karibu kila wembe niliowahi kuletewa na mtu akilalamika kuwa mawe yake hayafai ulikuwa na ugonjwa huo mmoja.

Loweka jiwe mpaka liache kutoa mapovu. Liweke juu ya kitambaa kibichi lisiteleze. Ukiwa na wembe wa urithi ambao hupendi mgongo wake ulike, bandika tepu ya umeme, safu moja, juu ya mgongo. Ukiianza tepu, iendelee kwenye mawe yote, kwani kuitoa katikati kunabadilisha pembe. Paka makali rangi ya maka peni, pande zote mbili, kuanzia kisigino hadi ncha. Shika shina kwa vidole, si kwa ngumi. Laza wembe chapa, mgongo na makali yakigusa jiwe, na usukume mbele makali yakitangulia. Bapa la wembe ni refu kuliko upana wa jiwe, kwa hiyo usiusukume wima: anza kisigino kikiwa juu ya jiwe upande wako, na kadiri unavyosukuma mbele uvute wembe pembeni kuelekea mpini, hadi ufikapo mwisho wa jiwe ncha pekee ndiyo iliyobaki juu yake. Hapo ugeuze kwa kuuviringisha juu ya mgongo. Usiugeuze juu ya makali hata siku moja. Rudi kwa upande wa pili vivyo hivyo.

Nguvu? Hapa ndipo panga linapodai haki yake. Bega linataka kushuka, kifundo kinataka kukaza. Nyembe nyingi za Solingen zimechimbwa mashavu mpaka bapa likawa jembamba sana, na ukiukandamiza bapa linapinda, makali yanayumba, na jiwe linakula mahali pasipo pake. Kwenye jiwe la kwanza uzito wa kidole kimoja unatosha, tena mwanzoni tu. Kadiri unavyoendelea, acha uzito wa wembe wenyewe ufanye kazi. Sikiliza pia: sauti ikiwa moja kutoka kisigino hadi ncha, unagusa sawasawa.

Baada ya misuguo kadhaa, tazama rangi. Ilipofutika ndipo jiwe lilipogusa. Ikibaki mstari mwembamba wa wino ukingoni kabisa, bado hujafika kwenye makali, na hakuna haja ya kwenda mbele. Paka tena, endelea. Wembe uliolala miaka mingi unaweza kukuchukua dakika 20, unaweza kukuchukua saa nzima. Hakuna idadi ya misuguo ninayoweza kukupa, na anayekupa idadi hajauona wembe wako.

Seremala anapapasa unyuzi wa chuma unaojikunja upande wa pili wa patasi. Ukijitokeza anajua amefika. Kwenye wembe usiutafute unyuzi huo. Ukijitokeza, maana yake umesugua upande mmoja kupita kiasi, na umepoteza chuma ambacho hakirudi. Badilisha pande kila msuguo na hautakuja.

Utajuaje kwamba umefika? Kwanza, shika wembe makali yakikutazama, chini ya taa. Makali yaliyokutana hayaonekani, kwa kuwa hayana upana wa kurudisha mwanga. Ukiona nukta au mstari unaometa, hapo ni butu. Pili, tazama maji: makali yakishakamilika, maji yaliyo mbele yake huanza kupanda juu ya bapa badala ya kusukumwa. Tatu, nywele za mkono. Pitisha kisigino karibu na ngozi, kisha katikati, kisha ncha. Sehemu zote tatu zinyoe bila kuvuta. Mbili kati ya tatu hazitoshi. Ncha ndiyo huchelewa, kwa vile watu wengi huinua mkono mwisho wa msuguo. Majaribio ya kucha na ya kukata karatasi waachie wenye visu. Yanayaumiza makali na hayakuambii kitu.

Kama hujawahi kunoa kwa namna hii, tafuta seremala mwenye karakana karibu nawe. Eneo lenye shamba la miti la TFS, wakala wa misitu wa serikali, halikosi maseremala. Mwamkie, muombe akuachie patasi ya zamani, na ujifunze kwake kulaza chuma chapa na kukiacha chapa. Atakapokwambia “Legeza mkono, mwanangu,” msikilize. Patasi ikikwaruzika hakuna msiba.

Jiwe la kati lina kazi moja: kufuta mikwaruzo ya la kwanza. Osha wembe na mikono kabla ya kuhama, maana chembe moja ya 1000 iliyobaki kwenye bapa itachora mstari kwenye jiwe laini. Sugua vile vile, kwa wepesi zaidi, hadi miteremko ya makali ibadilike kutoka kijivu kuwa angavu. Kwenye 8000 punguza uzito zaidi, fanya misuguo michache iliyo safi kuliko mingi ya kuchoka, na ukiona mikono inatetemeka weka chini, urudi kesho. Baridi ya Juni hadi Agosti kule juu hufanya maji ya jiwe kuwa ya barafu na vidole kufa ganzi; tia maji ya vuguvugu kwenye beseni. Ganzi ndiyo inayokukata.

Kisha ukanda wa ngozi. Mshipi wa zamani wa ng'ombe, usio na nakshi, uliobandikwa kwenye ubao ulionyooka unatosha kabisa. Hapa mwendo unageuka: mgongo unatangulia, makali yanafuata. Ukisahau ukasukuma makali mbele, umekata ngozi na umeharibu kazi ya jioni. Pitisha mara 40 hadi 60 kabla ya kila kunyoa, polepole, ngozi ikiwa imekazwa. Mawe hayahitajiki tena mpaka ukanda ushindwe kurudisha ulaini, na kwa mtu anayenyoa mara mbili au tatu kwa wiki hiyo ni miezi. Lakini siku itafika. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani walionyesha kwamba unywele, ingawa ni laini mno ukilinganishwa na chuma, unaweza kumega ukingo wa wembe pale unapopinda na kukutana na sehemu dhaifu ya chuma hicho.

Kunyoa kwenyewe ni somo jingine, ila kuna jambo moja linalotuhusu zaidi sisi wenye nywele za kujikunja. Unywele unaokatwa chini ya usawa wa ngozi hujipinda ukaingia ndani, na hivyo ndivyo vipele vya ndevu vinavyozaliwa. Usivute ngozi kwa nguvu, usinyoe kinyume cha mwelekeo wa ndevu, na usirudie rudie sehemu moja ukitafuta ulaini wa mtoto. Lowesha ndevu kwa maji ya moto dakika mbili tatu, tia povu, laza wembe kwa nyuzi 30 hivi, pita mara moja. Mara ya kwanza nyoa mashavu peke yake. Kidevu na koo vingoje mkono uzoee. Kama shingo tayari ina vipele vilivyovimba, usiiguse kwa wembe wowote mpaka ipone.

Ukungu wa Shume ni adui wa chuma hiki kuliko ndevu. Ukimaliza, futa, pitisha kwenye ukanda mara chache kukausha makali, uache wembe wazi saa kadhaa kabla ya kuukunja. Unyevu unaofungiwa ndani ya mpini ndio unaochimba vile vishimo tulivyoviogopa mwanzo. Tone la mafuta ya cherehani kwenye kitambaa linatosha kwa bapa zima. Kwa wembe uliourithi, kabla ya kuutumia uoshe kwa sabuni na kisha kwa spiriti. Usitumie Jiki, inakula chuma.

Na usiuazime. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado vikaambukiza, na wembe wa kukunja hauna sehemu ya kutupa kama ule wa kinyozi. Mdogo wako au mgeni akiuomba, mpe wembe mpya wa dukani, na huu ubaki wako peke yako.